Tulivyoyafunga Maji Mafundo

Mkinikuta nimelala kifudifudi katikati ya shamba, shavu moja limegusa udongo na jicho moja nimelifumba, msikimbilie kumwita muuguzi. Sijaanguka. Natazama kama tuta limelala sawa. Nimelitazama hivyo maisha yangu yote ya kazi, na tangu nilipostaafu ukapita, yaani kuwasimamia vibarua wa shamba, nalitazama zaidi, maana sasa hakuna anayeniuliza kazi imefika wapi. Majuzi kijana wa pikipiki alisimama barabarani akapaza sauti: "Mama, uko mugonjwa?" Nikamjibu: "Hapana, papa, niko nasikiliza kwenye mayi itapita," yaani maji. Aliondoka bila hata kugeuka nyuma.

Nawaandikia ninyi vijana mliogawana ule mteremko wenye mawe juu ya mtaa wa Panda, hapa Likasi, mnaotaka kupanda mtama msimu huu, masaka kama tunavyosema huku. Mmeniuliza mlime vipi. Nitawajibu, ila mnivumilie: siwezi kuzungumzia udongo bila kucheka, na siwezi kucheka bila kumtaja ndugu yangu Amisi na ghala lake.

Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mvua kuanza. Niliachiwa watatu: Amisi, aliyekuwa ameota ndevu chache na kuamini anajua kila kitu, Feza, ambaye akianza kucheka hana breki, na Shabani, aliyekuwa bado analala na kidole mdomoni. Mimi Zaina ndiye mkubwa, kwa hiyo niliacha shule, nikaifumua sketi yangu ya sare na kumshonea Shabani kaptura. Msinionee huruma. Ilikuwa kaptura nzuri kuliko zote mtaani, yenye marinda.

Mujomba Saleh, kaka yake mama, alikuwa dereva wa kamyo, lori kubwa la mizigo, na moyo wake ulikuwa mpana kama kamyo yenyewe. Baada ya arobaini ya mama alituketisha kwenye mkeka.

"Sikieni, batoto. Amisi ataenda Kolwezi, niko na rafiki kule, iko na garaji. Feza ataenda Kalemie kwa dada yangu. Shabani atabaki na minye, hapa kwangu. Weye Zaina utapata bwana."

Alikuwa ametupanga vizuri kabisa, kama anavyopanga mizigo, wazito chini na wepesi juu. Feza akiogopa hucheka, basi akacheka. Mimi nikasikia mdomo wangu unasema kabla yangu:

"Mujomba, tuachie masaka ya mwaka huu."

"Masaka gani?"

"Ya ku mulima, kwenye mama alikuwa analima. Tutalima shiye benyewe."

Mujomba alijikuna kidevu. Hakuwa mtu wa kutesa watoto, ila hakuwa pia mtu wa kuacha watoto walale njaa kwa sababu ya maneno matamu. "Bon, haya," akasema. "Mukivuna, ntakuya na kamyo. Nikikuta ghala imejaa, munabaki bote pamoja. Nikikuta haikujaa, kila mutu anapanda kamyo."

"Hatuna ghala, Mujomba."

"Mutajenga."

Nilitaka tujenge ghala dogo, la adabu, kama banda la kuku. Lakini nilikwenda kuomba mbegu, na nyuma yangu Amisi akaanza ujenzi, na Amisi akianza hajui pa kuishia. Nikarudi nikakuta nguzo zimesimama kama za nyumba ya watu na wageni wao.

"Amisi, hii ni nini?"

"Ghala, Yaya." Yaya huku ni dada mkubwa.

"Ya kuweka nini? Treni?"

"Yaya, unataka Mujomba akuye atucheke?"

Siku ileile Mujomba akapita na kamyo, akaona, akapiga honi mpaka kuku wakatawanyika. Akatoa kichwa dirishani: "Ile njo ghala! Ile ile, si ingine!"

Tangu hapo nilikuwa na maadui wawili, jua na ndugu yangu.

Jirani yetu alikuwa Papa Ilunga, mstaafu wa pampu. Maisha yake yote alishinda chini kwenye shimo la mgodi akiyatoa maji yasizamishe watu. Alituhurumia, akaja na jembe begani, akautazama mteremko wetu kama daktari anavyomtazama mgonjwa.

"Zaina, mama, mayi ni adui. Ikiingia, unaitosha inje. Mbio!"

Basi tukapiga matuta kutoka juu moja kwa moja mpaka chini, na mitaro kati yake imenyooka kama reli. Mtu wa mahali pengine atacheka, lakini hapa Likasi karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kuondoa maji mahali fulani. Tunazaliwa tukijua kuyafukuza. Kuyakaribisha hatukufundishwa.

Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, sisi sote tulisimama chini ya paa tukapiga makofi. Kweli, tulipiga makofi! Maji yalishuka kwenye mitaro kama yameitwa. Papa Ilunga alivua kofia. "Ona vile inakimbia! Hata tone moja haibaki!"

Na kweli halikubaki. Wala mbegu hazikubaki, wala ule udongo mwororo wa juu, ambao ndio chakula chenyewe. Vyote viliteremka mpaka kijito, na kijito kikavipeleka ziwani Tshangalele, wakale samaki. Mbegu chache zilizokwama njiani ziliota kwenye shamba la Mama Ngalula, chini yetu. Alipanda mlima akiwa na miche kwenye kikwembe chake, mikono kiunoni.

"Zaina, mwanangu, umenipandia masaka katikati ya maharagi. Nilikuomba?"

Feza alianza. Alicheka mpaka akaketi kwenye matope. Papa Ilunga alikuwa juu ya jiwe, amenyamaza, nami nikadhani anaona haya. Kumbe mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Zaina," akasema akijifuta macho, "minye nilifukuza mayi maisha yangu yote. Nilisahau kuuliza kama kuko mutu anaitaka."

Andikeni jambo hili vichwani mwenu: mtu aliyezoea kuondoa maji anajua kila njia yanayopita. Mgeuze tu atazame upande wa pili. Asubuhi iliyofuata Papa Ilunga alirudi na mpira mrefu unaoonyesha ndani, wa kazi yake ya zamani. Aliujaza maji, akafunga kila ncha kwenye fimbo, na fimbo zote mbili zilikuwa na urefu mmoja. Amisi akashika moja, Feza akashika nyingine, wakasimama mbalimbali kwenye mteremko. Maji yakisimama kwenye alama ileile pande zote mbili, mahali pale pawili pana usawa mmoja. Unapiga kigingi, unasogea. Ukiunganisha vigingi unapata mstari unaouzunguka mlima kama mkanda kiunoni, na tuta linapita hapohapo. Hata wanaolima kwa jicho, siku moja wafanye hivi, waone jicho linavyodanganya.

Kazi ingekwenda upesi kama si Feza.

"Feza, simama vizuri! Mayi inatikisika!"

"Si minye, Papa. Njo mayi inacheka."

Halafu Papa Ilunga akatuonyesha mafundo. Ndani ya mtaro, kila baada ya hatua chache, unasukuma udongo kwa jembe mpaka unakuwa kizuizi kidogo, kama fundo la kikwembe kiunoni. Mtaro unageuka kuwa mstari wa mabakuli. Mvua ikinyesha kila bakuli linashika yake, na maji hayana pa kwenda isipokuwa chini, kwenye mizizi. Lakini fundo liwe fupi kuliko tuta. Bakuli likijaa kupita kiasi, maji yavuke juu ya fundo na kuingia bakuli la jirani, yasivunje tuta. Tuta moja likivunjika, huvunja na lile la chini yake, na mtakuwa mmeanza upya biashara ya kumlimia Mama Ngalula.

Tulipanda tena kwa mbegu zilizobaki, zilizokuwa kidogo kiasi kwamba Shabani alikatazwa kupiga chafya karibu nazo. Hakukuwa na mbegu nyingine.

Hapa niruke kidogo, maana mmeniuliza pia habari ya trakta. Miaka mingi baadaye, nikiwa kapita kwenye shamba kubwa la njia ya Tshangalele, nilikuwa na mwenye shamba aliyependa trakta yake kuliko chakula. Kila mwaka iligeuza udongo kwa kina kilekile, na kila mwaka shamba lilipendeza siku ya kwanza, laini kama unga. Mvua ikipiga, unga ule unaganda juu kama ukoko wa sufuria. Masaka yanafika magotini yanasimama hapo, yamenuna. Siku moja niling'oa shina nikampelekea. Mzizi ulikuwa umeshuka vizuri, halafu ghafla umepinda kando kama kiwiko.

"Patron, mizizi imefika ku simenti."

"Simenti? Nani alileta simenti mu shamba yangu?"

"Trakta, Patron. Inakanyaga chini fasi moja kila mwaka."

Alishika kichwa, kisha akacheka, maana alikuwa mtu mwema aliyependa tu mashine. Tulifunga kwenye trakta jino moja refu badala ya sahani zake za kulimia, likapasua lile tabaka gumu kwa mistari, tukapanda kwenye mistari hiyo tu na kwingine hatukugusa. Mwaka ule magunia yalituishia tukabaki kujaza masaka kwenye foronya. Trakta si mbaya. Ubaya ni kuiachia ipite kila mahali, kila mwaka, kwa kina kimoja.

Na kuhusu mabua: msiyachome. Mimi nilikuwa nachoma. Nilipenda shamba safi kama mkeka wa kuswalia. Akaja binti mmoja mwagronomu, mtaalamu wa kilimo, mdogo kwangu kwa umri, akaniomba kona moja tu niache mabua yamelala. Nikamwachia kona mbaya kuliko zote. Jua lilipokolea akanishika mkono akauingiza chini ya mabua. Pale palikuwa pabaridi, kama chini ya mtungi.

"Mama Kapita, mukono inasema nini?"

"Inasema nimeshindwa."

Tukacheka, na tangu siku ile moto wangu umekuwa wa kupikia bukari tu, ugali wetu.

Nirudi mlimani. Masaka yetu yaliota, yakafika kiunoni mwa Shabani, na hapo mvua ikakatika katikati ya msimu. Huku kwetu mnajua mvua inavyoweza kutusahau, mbingu nyeupe kama sahani, siku baada ya siku. Mahindi ya jirani yalijikunja majani kama sigara. Nilikuwa naamka nalitazama ghala la Amisi, mlango wake wa juu ukiwa wazi kama mdomo wa kinda la ndege, nikasikia honi ya kamyo masikioni.

Jambo la kufanya siku hizo ni dogo na ni gumu: unakwaruza tu. Jembe linapita juujuu, linavunja ukoko na kung'oa magugu, na ule udongo uliolegea unakuwa kifuniko cha unyevu ulio chini. Ukilima kwa kina unafunua sufuria. Amisi alikuwa akifunua sufuria, nami nikimpigia kelele, mpaka siku moja akatupa jembe.

"Yaya, ghala haitajaa. Benzangu banaenda kuchimba madini upande wa Shinkolobwe. Na minye ntaenda."

"Kule kumekatazwa, na kule bantu banafukiwa."

"Na hapa je? Hapa tutafukiwa na nini? Na kucheka kwa Feza?"

Niliokota jembe lake, nikaenda kwenye bakuli mojawapo kati ya mafundo mawili, nikachimba kidogo. Juu vumbi, na chini yake udongo mweusi uliokoza. Niliuchukua, nikauminya, ukabaki umeshikana na alama za vidole vyangu. Nikamwekea mkononi. Amisi aliutazama. Kisha, sijui kwa nini, akaupaka shavuni.

"Iko baridi," akasema taratibu, kama mtoto.

"Ni mvua ya mwezi uliopita. Iko hapa. Haikuenda Tshangalele."

Aliokota jembe, na alasiri yote alikwaruza juujuu kama mtu anayemkuna mgongo mtu aliyelala.

Mvua iliporudi, hatukupiga makofi. Ni Papa Ilunga peke yake aliyetoka nje, akasimama kati ya matuta amelowa chapachapa, akiyanyooshea maji kidole kama mtu anayeamrisha mbwa: "Kaa! Kaa pale! Weye, unaenda wapi? Rudi!" Yakakaa. Kila bakuli lilijaa likang'aa, na Feza akaapa ameyasikia masaka yakimeza.

Lakini msije mkayaabudu mafundo. Mwaka mwingine mvua ilinyesha kama imekodiwa, na masaka yakasimama ndani ya maji yakageuka manjano kama watu wenye homa. Nikasitasita, maana niliyapenda mafundo yangu. Papa Ilunga, wakati huo mzee kabisa, alitokea na jembe begani na uso unaong'aa: "Zaina, fungua! Kazi yangu imerudi!" Tukayafungua yote, maji yakaondoka, na mzee akayasindikiza mpaka chini akiyaaga. Kwa hiyo tazameni mwaka mlio nao, si mwaka mliouzoea.

Basi tukavuna. Mashuke yalikuwa mekundu, mazito, yameinamisha shingo. Tulikata, tukakausha, tukamimina ghalani, na ghala likameza. Amisi aliingia ndani kuyakanyaga: yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Tukakata hata yale yaliyodonolewa na ndege. Yakamfika kidevuni. Amisi alikuwa mrefu, lakini ghala lilikuwa refu kumzidi. Siku ambayo Mujomba alipaswa kufika, tulimimina kikapu cha mwisho gizani mwa ghala, Amisi akafunga kifuniko upesi, na hakuna aliyetaka kuchungulia.

Honi ikasikika. Mujomba alikuwa ameleta mikate ya njiani na godoro la Shabani kulalia kwenye kamyo. Alitusalimia mmoja mmoja, akamkabidhi Shabani mkate, kisha akapanda ngazi kama hakimu. Papa Ilunga alikuwepo. Feza alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mujomba akafunua kifuniko. Akaingiza kichwa, na kichwa kikakaa humo muda mrefu. Kikatoka, mashuke yamenasa kwenye masharubu. Akatugeukia. Akafungua mdomo ili aseme.

Nguzo za Amisi zikalia: kaaa!

Ghala liliinama mbele polepole, likapiga magoti kama mtu anayesujudu, halafu likapasuka tumbo. Masaka yalimwagika yote kwa mkupuo, yakaichukua ngazi, yakamchukua Mujomba, na mavumbi yalipotulia tukamwona ameketi chini, amezama mpaka kifuani, kofia yake ikisafiri peke yake kuteremka mlima juu ya wimbi la mashuke. Na kutoka chini, kwenye maharagi, ikapanda sauti:

"Zaina! Tena?"

Feza akaachia. Papa Ilunga akaegemea kamyo asianguke. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nayapima masaka kwa macho.

"Amisi," akaita Mujomba kutoka ndani ya masaka.

"Naam, Mujomba."

"Njo weye ulijenga hii?"

"Njo minye."

"Na minye nilitaka kukupeleka ku garaji, utengeneze motokari za bantu." Akatoa shuke ndani ya kola yake, akaliangalia, akapukuta punje kiganjani, akatafuna moja.

Nikamsogelea. "Mujomba, ilijaa ao haikujaa?"

Alituangalia wote wanne. Shabani alikuwa anakula mkate wa safari, amesimama na kaptura yake ya marinda katikati ya masaka, hana habari.

"Zaina, mutu anaweza kuzama mu kintu yenye haikujaa?"

Akatema ganda la punje.

"Basi mubaki. Mubaki bote. Sasa, nani atanitosha humu?"

Tulimtoa kwa jembe, juujuu, tukikwaruza, tusimkate.

Nimewaambia ninayojua. Tuta lifuate maji yaliposimama, fundo liwe fupi, mabua yalale, trakta ipite kwa adabu. Na mkihitaji ghala, mtafuteni fundi. Amisi amesikia habari zenu na ameanza kukata miti, msimkaribishe.

Mujomba yu hai, mzee, anaota jua barazani kwa Feza. Kila tukikutana tunagombana: Amisi anaapa lilijaa, Feza anaapa lilipungua kiasi cha kichwa cha mtu, na aliyeona ni mmoja tu. Juzi nilimuuliza tena.

"Mujomba, siku ile juu ya ngazi, ulifungua mudomo. Ulitaka kusema nini?"

Alijikuna kidevu, kama siku ile ya mkeka.

"Nilitaka kuomba mayi ya kunywa," akasema. "Lakini mulikuwa mumeisha kuifunga yote ku shamba."